Makocha Wanne na Uwanja wa Mahindi

Nyinyi vijana wa idara ya michezo mliniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi, na mkaniletea kalamu mpya pamoja na ombi hilo. Kalamu niliipokea, lakini nilijiuliza mnataka nini hasa. Katika miaka yote niliyokaa nanyi hakuna aliyewahi kuniletea hata betri ya saa ya ukutani.

Basi naandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio mnaopokea sasa. Nitaandika kuhusu makocha wakuu wa timu ya basketi ya wanaume ya chuo chetu, kwa kuwa nilikuwa msaidizi wa wanne, mmoja baada ya mwingine. Nitaandika pia kuhusu mahindi. Ambaye hajafika chuoni kwetu atashangaa mahindi yanaingiaje hapa, lakini asiwe na haraka.

Mimi ni mtu wa Kanyakine, Imenti Kusini, na chuo kiko nje kidogo ya mji wa Embu, ukishika barabara ya kwenda Meru. Nilipopata kazi, watu wa nyumbani waliniuliza nitaishije na Waembu. Nilipofika, Waembu waliniuliza Mmeru amefuata nini kwao. Tukaanza hivyo, tukichungana, na mimi sikuona sababu ya kuacha.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa kwa Mwalimu Njeru, mkufunzi wa hesabu, ambaye ndiye aliyekuwa kocha mkuu. Kabla yake palikuwa na mzungu mmoja wa kujitolea, ndiye aliyemwaga saruji ya uwanja na kusimamisha milingoti miwili ya ringi. Huyo sikumkuta. Kila mtu chuoni alikuwa na habari zake, na hakuna habari mbili zilizofanana, kwa hiyo nitamwacha.

Nilidhani Njeru ataniuliza nimecheza wapi. Hakuuliza. Alinipa mpira akasema, "Dunda."

Nikadunda.

"Si hapo tu. Dunda uwanja wote, na usikilize."

Nilizunguka nikidunda huku wanafunzi wakinicheka kutoka madirishani. Karibu na mlingoti wa upande wa mto, mlio ulibadilika ukawa wa debe tupu. Njeru akaja akapiga alama ya chaki pale. Saruji ilikuwa imeachana na udongo chini yake, na siku moja ingevunjika na mguu wa mtu ndani. Alinieleza kwamba refa unaweza kuongea naye, na hata timu ya wageni unaweza kuongea nayo, lakini sakafu haisikii mtu, kwa hiyo isiaminiwe. Kwangu maneno hayo yalikuwa matamu. Nilikuwa nimepata mtu wa kabila langu, na simaanishi Wameru.

Tangu siku hiyo nikawa na tabia moja. Kocha akishaukagua uwanja, mimi nilisubiri ageuke, kisha nikaukagua tena. Njeru alijua. Nadhani alifanya hivyo hivyo nyuma yangu.

Sasa mahindi. Kutoka barabarani hadi mtoni, ile ilikuwa ndiyo saruji pana pekee. Nyuma ya ua wa chuo kuna mashamba madogo ya majirani, na mavuno yanapofika jua la huku kwetu si la kutegemea. Asubuhi linakupa matumaini, mchana manyunyu. Mahindi ukiyaanika kwenye udongo yanashika kuvu, na mahindi ya kuvu yameshazika watu katika sehemu hizi. Kwa hiyo mama yeyote mwenye akili akiona saruji inaota jua bure, anaingia na gunia.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Mugendi, wakati huo akiwa na huyo Mugendi mgongoni. Alipita kwenye pengo la ua, akamwaga mahindi kwenye pembe, akayasambaza kwa mguu.

"Mama, huu ni uwanja wa mpira," nikamwambia.

"Nimeona, Mwalimu. Na hii mahindi haisumbui mtu. Imelala tu hapo."

Njeru alimruhusu pembe moja na akaipigia mstari wa chaki. Alikuwa na hesabu zake kwamba mpira mara chache hufika pale. Mimi niliangalia ule mstari kwa jicho lingine. Kila Jumatatu mahindi yalikuwa yameuvuka kidogo, na kila Jumatatu Mama Mugendi alisema ni kuku.

Kwenye safari Njeru aliniachia ulinzi. Kazi ya msaidizi ni kushuku, kwa sababu kocha mkuu ana shughuli ya kutabasamu na wenyeji. Tulipoenda kucheza Meru, wenyeji walitupokea kwa mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi yaliyopondwa, uliojaa sahani na nyama juu yake, kabla ya mechi. Vijana wangu walikula wakamshukuru Mungu, na kipindi cha kwanza walikimbia uwanjani kama wajawazito. Watu waliniambia ule ni ukarimu tu. Mimi nimezaliwa Meru, na naujua ukarimu wetu. Safari iliyofuata nilifungia mukimo kwenye mabakuli niliyobeba mwenyewe, tukala baada ya filimbi ya mwisho, na tukashinda. Mpira wa wenyeji pia ubonyeze kwa kidole gumba kabla ya kuukubali. Ukiwa mgumu kama jiwe ujue wao wamezoea hivyo na nyinyi hamjazoea.

Njeru alipostaafu, chuo kilimleta Sajini Mwenda, mwanajeshi mstaafu, mtu wa kwetu kabisa. Wenzangu Waembu walinipongeza kwamba sasa nina ndugu. Ndiye niliyemshuku kuliko makocha wote, kwa sababu mtu wa kwetu namjua. Alinisalimia kwa Kimeru, akaniuliza ukoo wangu, na baada ya hapo akanipa kazi zake zote za kuandika.

Lakini alijua kazi. Alikimbiza vijana kupanda kile kilima hadi kiwanda cha kahawa na kurudi, na yeye mbele. Aliwafundisha kukaba mpaka timu za mjini zikaanza kutuogopa. Na mahindi aliyamaliza wiki yake ya kwanza. Alimkuta Mama Mugendi na wenzake wameanika, akapuliza filimbi.

"Mnaondoka dakika hii," akasema.

"Tukiondoka tutaanika wapi, Afande?" Mama Mugendi akauliza.

"Hiyo si swali yangu."

Wakakusanya mahindi. Pengo likazibwa kwa seng'enge. Wanawake wakahamia ukingo wa barabara ya Meru, wakianika kwenye turubai huku malori yakiwapitia karibu na visigino. Nilipita pale asubuhi nikienda kazini na sikuweza kuwatazama usoni. Uwanja ulikuwa mtupu na msafi, nami nilipaswa kufurahi.

Haukukaa msafi. Mfagiaji wa chuo alikuwa amestaafu na nafasi yake haikujazwa, wakisema itajazwa. Upande wa kivuli ukaanza kuota ukijani unaoteleza. Nyavu za ringi zikapotea. Ua ukakatwa mahali pawili. Mwenda aliwashuku majirani, mimi nikawashuku majirani, wanafunzi na Mwenda mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na kuku nyumbani na nyavu za ringi ni nzuri kwa banda. Sikupata ushahidi wowote. Hata leo nikipita kwake hutupa jicho kwenye banda.

Magoti yalipomshinda Sajini alirudi nyumbani kwenye shamba lake la chai, na tukapata Kocha Denis kutoka Nairobi. Alikuwa na suti tatu za michezo na maneno mengi ya Kiingereza kuhusu mfumo. Vijana walimpenda. Alichora mishale ubaoni mpaka ubao ukaonekana kama kapu la nyoka. Mazoezi yalikuwa siku ambazo yeye yuko, na siku ambazo hayuko yalikuwa mimi. Alihudhuria semina nyingi sana mjini, na sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyehudhuria semina hizo.

Seng'enge ya Sajini ilikuwa imeshaliwa na kutu. Mahindi yakarudi, safari hii bila mstari na bila salamu. Waliingia mapema, wakaanika walipotaka, wakaondoka wakipenda. Hukujua ni ya nani, kwa sababu hata wageni wa kutoka ng'ambo ya mto walikuwa wakija. Nilimwambia Denis. Alisema tujenge uhusiano mzuri na jamii, akaangalia simu yake.

Kulikuwa na kijana anaitwa Munene, kiungo wetu, mwenye mikono ambayo mpira uliifuata wenyewe. Ndiye mchezaji bora niliyewahi kumfundisha, na nasema hivyo nikijua wengine wenu mtaona wivu. Jioni moja ya mazoezi alikata kuelekea ringi, akageuka kwa mguu wa kushoto, na mguu ukaenda peke yake. Tulisikia goti kabla hatujamwona akianguka.

"Mwalimu, nimekanyaga kitu," aliniambia akiwa chini. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi.

Tulimpeleka hospitali Embu. Niliporudi nilipiga magoti pale alipoangukia, nikaona punje moja ya mahindi imesagika ikawa unga. Niliumia moyo, na sikumficha mtu. Niliuliza kwa kila jirani ni mahindi ya nani yaliyokuwa pale asubuhi ile. Hakuna aliyejua. Kila mmoja alikuwa ameanika upande mwingine. Denis alisema ajali ni ajali.

Munene alimaliza masomo kwa mikongojo na hakucheza tena. Tangu jioni ile nilikagua uwanja bila viatu. Kiatu hakikuambii kitu, lakini unyayo wa mtu aliyekulia shambani unajua punje ilipo hata ikiwa imejificha kwenye ufa. Wanafunzi walisema mzee amerukwa na akili. Niliwaacha waseme na sikuvaa viatu.

Denis alienda likizo na likizo hiyo bado inaendelea. Tukabaki na wachezaji wachache na ringi moja iliyoinama. Ndipo naibu wa mkuu wa chuo alipoanza kupita pale akiwa na wageni, mikono nyuma, akikanyaga saruji kwa kisigino. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Huu uwanja ulishakufa. Hautumiki." Walikuwa wanatafuta mahali pa kujenga bweni jipya. Bweni lilihitajika, sikatai. Lakini nyuma ya karakana kulikuwa na eneo la majani ya ng'ombe, pana kuliko uwanja wetu, na ng'ombe wenyewe walishauzwa. Eneo hilo lilihitaji kusawazishwa na tingatinga. Uwanja wetu ulikuwa tayari umesawazishwa na yule mzungu.

Uwanja ukienda, timu imekwenda. Hakuna chuo kinachoweka kocha wa basketi asiye na ringi. Niliona maisha yangu yote ya kazi yakilazwa chini ya vitanda vya deka, kimoja juu ya kingine.

Katikati ya hayo yote, naibu huyo huyo akatuletea kocha mkuu mpya. Niulizeni nilifikiria nini. Mtu anayetaka kuzika mgonjwa akikuletea daktari, unamwangalia huyo daktari mikono.

Jina lake Wawira, mkufunzi wa kompyuta, binti wa Gachoka kule Mbeere. Mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume chuoni kwetu. Vijana walikuwa wananong'ona juu yake.

"Sasa huyu madam atatushow nini?" mmoja akasema, bila kujua yuko nyuma yake.

"Mkono wa kushoto," akajibu Wawira. "Hamna. Nimewaona." Na wiki hiyo nzima hakuna aliyeruhusiwa kufunga kwa mkono wa kulia. Mimi nilikubali kwamba ameona sawa. Hilo halikunipunguzia wasiwasi, kwa sababu mtu mjanja huanza na jambo la kweli.

Wiki iliyofuata niliingia uwanjani asubuhi nikamkuta yeye na Mama Mugendi, ambaye sasa alikuwa na mvi, wamesimama kwenye lile pengo la ua wakiongea Kiembu. Kiembu nakisikia, lakini waliongea haraka, na Wawira alitia Kimbeere ndani. Nilishika neno la kuanika na neno la kivuli. Waliponiona walinyamaza, wakanisalimia kwa Kiswahili kizuri mno.

"Madam, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nawarudisha na mahindi yao, Mwalimu. Asubuhi tu."

Damu ilinipanda. "Unajua kuna kijana alivunjika goti hapa kwa punje moja?"

"Najua."

Akaenda zake darasani. Nilisimama pale nikiona mpango wote. Naibu anasema uwanja hautumiki, na kocha wake anaujaza mahindi ili maneno yawe kweli. Siku mkandarasi akija atakuta ghala, si uwanja.

Nilianza kumfuatilia. Sikufanya kwa siri sana, kwa sababu umri wangu hauruhusu kujificha nyuma ya miti. Halafu dada yangu akanipigia simu kutoka Kanyakine.

"Kuna mwanamke wa chuo chenu ameonekana hapa sokoni," akasema. "Anaulizia watu."

"Anaulizia nani?"

"Sijui. Lakini amevaa raba na ameshuka na kalamu mfukoni."

Sikulala vizuri siku hizo. Nilijiuliza amefuata nini kwetu, kama si kuchimba habari zangu anitoe kabla ya siku yangu ya kustaafu. Nilikumbuka kila mtu wa Kanyakine ambaye niliwahi kukosana naye, na walikuwa wengi kuliko nilivyodhani.

Jumatatu nilimkuta uwanjani amechuchumaa na chaki. Alikuwa ameugawa uwanja wote kwa mistari, na ndani ya kila sehemu anaandika jina kwa herufi kubwa. MAMA MUGENDI. MAMA KEN. NYAGA.

"Uliendea nini Kanyakine?" nikamuuliza. Nilikuwa nimechoka kuzunguka.

Aliinuka akafuta mikono. "Nilienda kumwona Munene."

Munene alikuwa anafundisha shule ya msingi huko, hilo nilijua, ila katika wasiwasi wangu halikunijia kichwani. Nilikuwa nikimtembelea nikienda nyumbani. Anachechemea wakati wa baridi, na watoto wake wa shule wana mkono wa kushoto mzuri ajabu.

"Nilitaka anieleze vile ilienda," Wawira akaendelea. "Nilidhani ataniambia nifukuze mahindi. Aliniambia hajawahi kukasirikia mahindi. Kitu ilimuuma ni kwamba hakuna mtu alijua ni ya nani. Ati wewe ulizunguka ukiuliza na kila mtu akaruka, akasema si yake."

"Ndiyo," nikasema. "Waliruka wote."

"Sasa hawataruka. Kila mtu na jina yake. Saa tisa wanatoa, wanafagia. Nikipata punje kwa sehemu ya mtu, kesho yake haanikii. Nikipata tena, sehemu anapewa mwingine. Wako wengi wanangoja."

Nikamwambia mistari yake imepinda.

Ikawa hivyo. Asubuhi uwanja ulikuwa wa njano na mweupe. Saa tisa wanawake walikusanya, wakafagia kwa mifagio ya vijiti, kila mmoja akifagia kwa hasira kwa sababu jirani yake anamtazama. Walichungana kuliko nilivyowahi kuwachunga mimi. Wawira akavua viatu akapita, nami nikasubiri amalize, nikavua vyangu nikapita nyuma yake. Alijua. Siku moja aliniuliza kama nimepata kitu. Nikasema bado.

Wanawake hawakuenda nyumbani moja kwa moja. Walikaa kwenye magunia yao wakitazama mazoezi wakipumzisha mgongo. Mwanzoni waliwacheka vijana. Baadaye wakaanza kujua majina. Nilimsikia Mama Mugendi akimkemea mrefu wetu wa katikati, "Wewe, toa hiyo mpira mapema, unakaa nayo kama ni yako." Lilikuwa ndilo kosa lake hasa. Yule kijana alianza kutoa pasi.

Bado sikumwamini kocha. Nilijiambia kwamba mtego mzuri hauonekani.

Kisha ikaja ile asubuhi. Naibu alifika na mkandarasi, na vijana wenye nyundo na vigingi vya kupimia. Wawira alikuwa darasani anafundisha. Uwanjani nilikuwa mimi, wanawake na mahindi yao, na yalikuwa mengi kwa sababu mavuno yalikuwa yamepamba moto. Nikajisemea, ndio hii, imefika, na yeye amejiweka mbali asionekane.

"Mama, ondoeni hivi vitu," naibu akasema. "Tunapima."

Mama Mugendi alikuwa anageuza mahindi kwa mguu. Hakuacha kugeuza. "Tutatoa saa tisa."

"Ninasema sasa."

"Kocha alisema saa tisa. Nikitoa saa hii nitaweka wapi? Imenyeshewa jana. Ikilala kwa gunia leo, inashika kuvu, na hiyo ndiyo watoto watakula."

"Mama, huu uwanja ni wa chuo, na hautumiki. Tunajenga bweni."

Hapo akaacha kugeuza. Wenzake wakaacha pia. "Nani amesema hautumiki? Asubuhi iko na sisi. Saa tisa iko na vijana. Hata shamba yangu haitumiki hivyo."

Akakaa chini juu ya saruji, katikati ya jina lake. Wengine wakakaa, kila mmoja kwenye sehemu yake. Kijana wa nyundo alimwangalia mkandarasi, mkandarasi akamwangalia naibu. Hapakuwa na mahali pa kupiga kigingi ila kwenye mahindi ya mama fulani.

Naibu akampigia simu chifu aje kuwaondoa. Chifu alifika na fimbo yake, akaingia uwanjani kwa mwendo wa serikali. Katikati akasimama. Alikuwa ametazama chini. Karibu na mstari wa mipira ya faulo, kwa chaki nyeupe, kulikuwa na jina la mke wake, na juu ya jina mahindi yake. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kando yake, ameshika ufagio.

"Umekuja kunitoa?" akamuuliza mumewe kwa sauti ya kawaida.

Chifu alikohoa. Akamshika naibu bega, akamwambia kwamba jambo hili ni zito na linahitaji kikao. Kikao kilifanyika, na vingine baada yake. Majirani walikuja, wachezaji walikuja, hata Munene alikuja kutoka Kanyakine akachechemea hadi mbele akasema anautaka uwanja uliomvunja goti ubaki. Nilitoka nje dakika hiyo. Mwisho bweni lilijengwa nyuma ya karakana, kwenye yale majani ya ng'ombe. Baadhi yenu mlilala humo mkiwa wanafunzi.

Siku ya mwisho ya vikao nilimfuata Wawira.

"Niambie ukweli. Uliwaandika majina ukijua siku hii itafika?"

Alicheka. "Mwalimu, chuo kilikataa kuniajiria mtu wa kufagia. Upande wa kivuli ulikuwa unateleza. Nilitaka tu mtu wa kufagia."

"Na mke wa chifu?"

"Alikuja na gunia kama wengine."

Sikumwamini. Na mtu akiniambia kwamba alikuwa na mpango mkubwa tangu mwanzo, huyo pia sitamwamini. Timu haikuchukua kombe mwaka ule, tulifika nusu fainali tukapoteza kwa mipira ya faulo, na kwa hilo namlaumu refa ambaye nilimwona akinywa chai na wenyeji.

Nimestaafu lakini sijahama. Mke wangu ni wa huku, na tuna kashamba nyuma ya ua wa chuo. Msimu huu tulivuna, mvua ikatunyima siku za jua, nikajikuta nimesimama kwenye lile pengo na gunia mgongoni. Wawira aliniona. Alichuchumaa akaandika jina langu, KIRIMI, kwa chaki, karibu na mlingoti wa upande wa mto, pale saruji inapolia kama debe. Mama Mugendi alilitazama gunia langu, akanitazama mimi.

"Ni kuku walikuleta?" akauliza.

Saa tisa nilikusanya. Nilifagia mara mbili, nikijua yupo anayeangalia. Vijana walikuwa wamesimama kando na mipira yao wakingoja. Wawira akavua raba na soksi, akaanza kupita, polepole, mikono nyuma, macho mbele, akisikiliza kwa nyayo. Alipofika kwenye sehemu yangu alisimama. Akainama, akaokota kitu kwenye ufa, akakishika juu kati ya vidole viwili.

"Mwalimu. Hii ni ya nani?"

Ilikuwa punje, nyeupe, kubwa. Mahindi yangu yalikuwa meupe, makubwa.

"Inawezekana kuna mtu aliiweka," nikasema.

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi. Wawira hakucheka. Aliniangalia kwa jicho ambalo nalijua vizuri sana, kwa sababu lilikuwa langu.

"Kesho hutaanika," akasema, akaitia ile punje mfukoni na kuendelea hadi mwisho wa uwanja.

Nilikuwa nimeshainama kufungua kamba za viatu nipite nyuma yake, kama nilivyopita nyuma ya kila kocha. Nikazifunga tena.